Mgeni Asemaye Ameshiba

Somo: Matendo ya Mitume 28:1-10

 Popote mlipo asubuhi hii, kama mvua inanyesha kwenu au jua limekwisha kuchomoza, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Mwenye Biblia karibu naye na afungue kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya ishirini na nane. Asiye nayo asikilize tu, tutamsimulia.

Habari ya leo ni ya safari. Ilikuwa mwezi wa Novemba mwaka 2023, wakati wa zile mvua kubwa za vuli zilizokuja na El Niño, ambazo wengi wenu mnazikumbuka kwa huzuni, kwa kuwa barabara zilikatika, mifugo ikazama, na watu wakahama makwao usiku. Sisi tunaosema nanyi, pamoja na mama mchungaji, tulifunga safari kwenda milima ya Taita kuwatembelea rafiki zetu wa siku nyingi.

Twaomba kwanza mjue urafiki wenyewe. Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha theolojia tulipelekwa kanisani kwao wakati wa likizo ili tujifunze kazi. Bwana yule alikuwa msomaji wa kanisa, mkulima, mtu wa maneno machache. Alitupokea nyumbani mwake, akatufundisha mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vya chuoni: jinsi ya kukaa na mama aliyefiwa bila kusema lolote, na jinsi ya kumngoja mzee mwenye hasira mpaka amalize. Tangu wakati ule, kila vuli, shughuli zikipungua kidogo kabla ya Krismasi, tulikuwa tukienda kwao siku mbili tatu.

Ndipo mwaka 2020 ikakoma. Mwaka ule hatukushangaa, kwa kuwa ugonjwa wa korona ulikuwa umefunga milango ya watu wote. Mwaka 2021 tulipiga simu, akatuambia nyumba inatengenezwa. Mwaka 2022 tukapiga tena, akasema, "Mchungaji, subirini kidogo, tutawaambia." Hakutuambia. Basi tukanuna. Naam, wachungaji nao hununa, wala msidhani kanzu huzuia jambo hilo. Tulisema moyoni kwamba bwana huyu ametuchoka, na kwamba hatutapiga simu tena hata atupigie yeye. Alipopiga Oktoba ya 2023 akasema, "Mvua imekuja, njooni," tulimjibu kwa ubaridi, lakini tukaenda.

Barabara kuu ya kwenda Mombasa ilijaa malori. Tangu Mtito Andei hadi mto Tsavo mvua ilinyesha bila kupumzika, na nyika ile, ambayo mwaka uliotangulia tuliipita ikiwa kavu, miti haina jani, ng'ombe wamekufa kando ya njia, sasa ilikuwa kijani kibichi kila upande. Pale Voi tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya Taveta mpaka Mwatate, penye mashamba makubwa ya mkonge, kisha tukapinda tukaanza kupanda kwenda Wundanyi. Wale wasioijua Taita wafikirie nchi tambarare yenye joto kali, na katikati yake milima imeinuka ghafla kama visiwa baharini. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208. Kule chini unatokwa na jasho. Muda si mrefu uko juu ndani ya ukungu, unatafuta koti.

Baada ya Wundanyi tuliingia njia ya udongo, na udongo mwekundu ukilowa hauna huruma na gari. Tuliteleza mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu gurudumu likaingia mtaroni. Vijana wakaja wakicheka, wakasukuma. Mwishowe tuliliacha gari penye duka, tukaenda kwa miguu, kijana mmoja amejitwika katoni yetu kichwani, ameifunika kwa karatasi ya plastiki.

Habari ya katoni hiyo lazima tuieleze. Ndani yake mlikuwa na unga, sukari, mafuta ya kupikia, majani ya chai na sabuni. Si vibaya, mgeni haendi mikono mitupu. Lakini katika mfuko mwingine, tulioubeba wenyewe, mlikuwa na mikate miwili, mayai ya kuchemsha, na chupa ya chai. Hiyo ilikuwa yetu. Tulikuwa tumepanga hivi: watu hawa wametoka katika ukame, tusiwe mzigo kwao, tuwape, lakini tusile chao. Lilionekana wazo la Kikristo kabisa. Na tukisema kweli yote, palikuwa na neno jingine pia. Umri umesogea, matumbo yetu hayapendi mabadiliko, na tuliogopa maji ya kijijini wakati wa mafuriko. Hilo hatukulisema hata sisi kwa sisi.

Tulifika giza likiingia. Walitupokea kwa furaha nyingi, wakachukua makoti yetu yaliyolowa wakayaanika karibu na moto, wakatupa maji ya moto ya kunawa. Mama yake rafiki yetu, nyanya wa miaka zaidi ya themanini, alikuwa ameketi penye mafiga, akatusalimu na kutuuliza habari za kila mtoto wetu kwa jina. Katoni ikafunguliwa, wakashukuru kwa mikono miwili. Kisha mke wa rafiki yetu akaleta chakula, sufuria imefunikwa, mvuke unatoka pembeni, na sahani zimepangwa juu ya sinia. Nasi tukasema maneno tuliyokuwa tumeyaandaa tangu nyumbani: "Asanteni sana, lakini msijisumbue. Tumekula njiani, tumeshiba kabisa. Kikombe cha chai kinatosha."

Yule mama alisimama na sinia mkononi. "Hata kijiko kimoja, Mama Mchungaji?"

"Tumeshiba, dada. Wape watoto."

Akarudi na sufuria jikoni. Hakuna aliyesema neno. Tukaona kimya kile ni adabu yao, tukaongoza sala ya jioni. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo hata sala yetu ndefu, tuliyoipamba vizuri, haikusikika na mtu ila Mungu, na labda Mungu naye aliona si vibaya isisikike.

Usiku njaa ikatuamsha, kwa maana kusema umekula hakujazi tumbo. Tukawasha tochi, tukatoa mkate, tukamenya mayai. Mvua ilikuwa imetulia kidogo. Chumba cha wageni kilitengwa na chumba cha watoto kwa ukuta wa mbao usiofika juu, na karatasi ya mkate wa dukani, wapendwa, ina kelele kuliko ngoma. Tulikula polepole kama wezi. Kulipokucha, tukiwa tumeketi sote tukingoja chai, msichana mdogo wa miaka mitano hivi akamwuliza baba yake mbele yetu, bila ubaya wowote, "Baba, kwa nini wageni wanakula mkate gizani?"

Mtajua wenyewe uso unavyokuwa saa kama ile. Rafiki yetu alimwambia mtoto aende akawafungulie kuku. Hakuwa na kuku wengi wa kufungulia, walikuwa wawili.

Siku ile nzima mvua haikuacha. Hatukuweza kurudi; njia ilikuwa imekatika mahali fulani chini, na watu walisema tungoje. Tuliketi. Tulijaribu mazungumzo ya kanisa, ya kwaya, ya paa la shule. Kila neno lilikuwa na ganzi. Saa sita tulipewa chai na muhogo uliochemshwa, tukala muhogo wote, tukijifanya hatukumbuki tulivyosema jana. Jioni nyanya akatuita jikoni. Hakusema kwa hasira. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na aliendelea kuchambua muda wote alipokuwa akisema.

"Mchungaji, nikuulize neno?"

"Uliza, nyanya."

"Chakula chetu kina ubaya gani?"

Tukaanza kueleza kwamba hakina ubaya, kwamba tulitaka tu kuwapunguzia. Alitungoja tumalize, kama mwanawe alivyotufundisha zamani kuwangoja wazee. Kisha akasema, "Miaka ile mwanangu alikuwa akikudanganya kwa simu. Mimi ndiye niliyemwambia adanganye. Mahindi ya shamba la chini yalikauka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili yalipoanza kukauka, ndovu wakaja wakayamaliza. Mwaka wa tatu hatukupanda, mbegu tulikuwa tumezila. Ningekupa nini? Uji mtupu? Nikamwambia, mgeni asije akaona aibu yetu. Tukanyamaza. Sasa Mungu ameleta mvua, maharage yako, muhogo uko, nikasema, haya, mwite yule mchungaji. Umekuja. Unasema umeshiba."

Wasikilizaji, wengine wenu mliishi katika ukame ule, nanyi mnaujua kuliko sisi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, vipindi vitano vya mvua vilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za nchi yetu. Tulitangaza michango kanisani kwa ajili ya wenye njaa. Tulihesabu magunia. Lakini hatukuwahi kufikiri kwamba yupo mtu ambaye jambo lililomwumiza kupita tumbo tupu ni kushindwa kumwambia rafiki yake, "Karibu." Na rafiki huyo alikuwa sisi, tuliokuwa tumekaa nyumbani tukinuna, tukihesabu simu alizokosa kupiga.

Tulimwomba nyanya msamaha. Akasema, "Msamaha si kitu cha kuliwa na watu wazima peke yao. Kaa hapo." Akampa mama mchungaji nusu ya maharage achambue.

Sasa ruhusuni tuwaeleze chakula, kwa kuwa ni haki yake. Watu wa Taita wana chakula kiitwacho kimanga. Jioni ile tuliona kikipikwa tangu mwanzo. Maharage yalichemshwa kwanza, polepole, mpaka yakalainika. Muhogo ukamenywa, ukatolewa mzizi wa katikati, ukatiwa humo na chumvi. Maji yalipokuwa yamekaribia kukauka, mke wa rafiki yetu akashika mwiko mnene, akakanyaga sufuria kwa miguu miwili ili isizunguke, akaanza kuponda. Kazi hiyo si ya mchezo. Tulijaribu sisi, mkono ukachoka kabla ya uvimbe wa kwanza kuisha, na watoto wakaangua kicheko cha kwanza tangu tufike. Mwisho vyote viwili vikawa kitu kimoja, kizito, rangi ya udongo wa mlima, kinanukia moshi. Kando yake pakaletwa mnavu uliopikwa na maziwa, uchungu wake umepungua lakini haukwisha, na maziwa lala katika kibuyu.

Halafu tukaona bakuli la nyama. Kumbe asubuhi, msichana alipotumwa kuwafungulia kuku, ni mmoja tu aliyefunguliwa. Tulitaka kusema, "Jamani, mngemwacha atage." Neno lilifika kwenye ulimi. Mama mchungaji akatukanyaga mguu. Nyanya akachukua firigisi akaitia katika sahani yetu kwa mkono wake, tukaila.

Tulikula mpaka tukafungua vifungo. Mvua ilikuwa inapiga mabati vilevile, ikabidi tupigane kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto, lakini ganzi ilikuwa imeondoka. Rafiki yetu, mtu wa maneno machache, alisema mengi usiku ule. Alitueleza alivyouza mbuzi wa mwisho, na alivyosimama kanisani kusoma zaburi ya shukrani na sauti ikamkwama. Nasi tukamwambia kwamba tulikuwa tumemnunia. Akacheka. Akasema, "Nilijua. Kwa simu ulikuwa unaniita 'Bwana Msomaji.'"

Ndipo tuliporudi chumbani, bila mkate safari hii, tukafungua Matendo ya Mitume. Paulo anapelekwa Rumi, ni mfungwa. Luka anatuambia kwamba siku ya Mfungo ilikuwa imekwisha kupita; Mfungo ule wa Wayahudi huangukia Septemba au Oktoba, kwa hiyo ilikuwa vuli, na mabaharia wa zamani waliogopa bahari ile kuanzia majira hayo. Hawakusikia onyo. Dhoruba ikawashika, wakachukuliwa usiku kumi na nne, watu 276 katika merikebu moja, hata ikavunjika karibu na kisiwa. Wakafika pwani wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Kisiwa kile ni Malta.

Na kisha, ndugu zetu, hebu tazameni. Mvua ilikuwa inanyesha, palikuwa na baridi. Wenyeji wakawasha moto wakawakaribisha wote. Neno analotumia Luka kuwaita wenyeji wale, katika Kiyunani, ni lile walilotumia Wayunani kwa kila mtu asiyesema lugha yao. Paulo na Luka, watu wa elimu, walikuwa wageni wa watu ambao wasomi wa wakati ule waliwahesabu si kitu. Na Luka anaandika kwa neno "sisi". Walitukaribisha sisi, anasema. Alikuwapo pale, amelowa, anatetemeka, amenyosha mikono kwenye moto wa watu wengine.

Tumehubiri habari ya Paulo miaka mingi. Tumemhubiri akihubiri Athene, akijitetea mbele ya wafalme, akiandika nyaraka gerezani. Usiku ule tuliona jambo ambalo tulikuwa tumelipita mara zote: katika habari ya Malta, Luka hakuandika hata neno moja la mahubiri ya Paulo. Walikaa miezi mitatu. Aliwaombea wagonjwa, kuanzia na baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu, nao wakapona. Bila shaka alisema nao habari za Bwana wake. Lakini kitu cha kwanza alichokifanya Paulo kisiwani kilikuwa kupokea. Alipokea moto. Publio akawaalika siku tatu, akawakirimu, nao wakakirimiwa.

Tunajua kutoa, sisi watumishi. Tumezoea kusimama juu, upande wa mwenye kitu. Tunatoa neno, tunatoa baraka, tunatoa katoni ya unga. Hata Eliya pale Sarepta, katika ukame, tumemtumia mara nyingi siku za harambee kuwaambia wajane watoe. Hatukuwahi kumtazama Eliya mwenyewe, nabii mkubwa, akisimama langoni mwa mji wa kigeni akimwomba mjane maji, kisha kipande cha mkate. Angeweza kumwambia, "Dada, mimi nimeshiba, kunguru wamenilisha." Hakusema hivyo. Aliomba, akala, na nyumba yote ikala pamoja naye.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulifikiri maana yake ni kwamba siku akija mgeni kuku huchinjwa, na wenyeji nao hupata mchuzi. Huenda ndiyo. Lakini tulimwona nyanya yule asubuhi ya siku ya tatu. Alitoka nje mvua ilipopumzika, akasimama uani akiwaamkia majirani wapitao njiani, "Kwawuka mana!" na kila mmoja akamwambia kwa sauti kwamba ana wageni kutoka mbali, kwamba wamelala, kwamba wamekula kimanga. Wengine tayari walikuwa wanajua. Aliwaambia hata hivyo.

Wazee walisema pia, siku ya tatu mpe jembe. Tulipewa. Maji yalikuwa yameanza kuingia nyuma ya jiko, na rafiki yetu alikuwa anachimba mtaro. Tukavua viatu tukaingia matopeni. Paulo naye, mkumbuke, hakukaa tu kuota moto. Luka anasema alikusanya mzigo wa kuni akauweka motoni, na humo ndimo nyoka alimotokea. Sisi hatukupata nyoka. Tulipata malengelenge manne. Mama mchungaji alikuwa jikoni akijifunza kuponda, na baadaye alituambia ana hakika mwiko wa nyumbani kwetu hautafaa, lazima tununue mwingine.

Siku ya nne habari ikaja kwamba njia imetengenezwa, gari laweza kupita polepole. Tulipofika penye duka tulikuta katoni yetu imetutangulia, ndani ya gari. Wale vijana walikuwa wameibeba. Haikuwa na unga tena. Ilijaa parachichi, ndizi mbivu, vipande vya miwa vimefungwa kwa kamba, na juu kabisa, katika jani la mgomba, kimanga cha jana kilichokatwa vipande kwa njia ya safari. Luka anamalizia habari ya Malta hivyo hivyo: walipokuwa wakiondoka, wenyeji wakawapakilia vitu walivyovihitaji. Tulitaka kusema ni vingi mno. Tulisema, "Asanteni."

Pale Mtito Andei, penye hoteli nyingi na sambusa za moto, tuliegesha gari kando tukala kimanga baridi kwa mikono. Mkate wa pili, ule ambao hatukuula, ulikuwa bado katika mfuko. Ulikuwa umeota ukungu.

Tangu wakati ule tumekwenda tena mara mbili. Na mwezi wa Desemba wao ndio watakaokuja kwetu, pamoja na nyanya, mwenyewe asema kabla hajafa anataka kuona tunalala wapi. Mama mchungaji amekwisha kuanza kuhangaika atapika nini. Nyanya amempelekea salamu kwa simu kwamba atakula kitu chochote atakachopewa, ila asipewe mkate.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeketi mezani pa watu wengi, nawe hukuwa na meza yako mwenyewe. Uwaangalie walio safarini asubuhi hii katika mvua, na wale watakaowafungulia mlango. Waangalie wasio na cha kuweka mezani mwaka huu, ambao wamezima simu ili tusijue. Utupe ujasiri wa kuwapigia tena. Amina.

Kwa herini, wapendwa, mpaka juma lijalo.